Mtoto Anayegeuza Uso: Njia Mbili za Historia Hadi Muhuta

Ukitoka Bujumbura kuelekea kusini kwa Barabara ya Taifa Nambari 3, lami inabanwa mara tu unapoingia komini ya Muhuta. Kushoto milima ya Mumirwa inateremka hadi ukingoni mwa barabara. Kulia ni Tanganyika, ziwa ambalo miaka ya karibuni limepanda na kumeza nyumba na mashamba ya watu. Utapita Gitaza, utapita Magara, mwishowe utafika Rumonge, mji wa mawese na samaki, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya msikiti. Kabla ya yote hayo umeshalipita jiwe la Mugere, lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Wageni wengi huishia hapo, wakapiga picha na kurudi mjini.

Njia niliyoifuata mimi haina jiwe. Ni njia ya maandishi ya madaktari na watafiti waliowahi kumwandika mtoto anayegeuza uso chakula kinapomfikia. Simsemi mtoto asiye na chakula. Yule tunamjua, na Burundi imemhesabu: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2016 na 2017 ulikuta asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Ninayemtafuta ni yule ambaye sahani iko mbele yake, ndugu zake wanakula, mama anabembeleza, naye amefumba mdomo. Anakula ugali mtupu wa muhogo, pengine na ndizi mbivu, basi. Ndagala, dagaa wa ziwa hili, akiiona analia. Na huyohuyo mara nyingi haitiki jina lake, hucheza peke yake, huzungusha kifuniko cha sufuria asubuhi nzima.

Leo tunaijua hali ya mtoto huyu kwa jina la usonji. Kwamba usonji na matatizo ya ulaji hukaa nyumba moja si siri tena kwa wataalamu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2019 ulikuta ulaji usio wa kawaida kwa watoto saba kati ya kila kumi wenye usonji, huku kwa watoto wa makuzi ya kawaida wasifike hata mmoja kati ya kumi. Nilichotaka kujua ni kwa nini maarifa hayo hayajamfikia mama wa Muhuta, na yalipotelea wapi njiani.

Mwambao huu haukukosa madaktari. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ugonjwa wa malale ulipokuwa ukiua watu wa Imbo, tambarare ya ukingo wa ziwa, Wajerumani walifungua kambi za wagonjwa Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, na Nyanza kule kusini. Muhuta iko katikati ya ncha hizo mbili. Watu walipangwa mistari, wakapapaswa tezi za shingo mmoja mmoja, na waliodhaniwa wagonjwa wakachomwa sindano za atoksili, dawa iliyowapofusha baadhi yao. Baadaye zikaja enzi za kupima malaria, za kupambana na kipindupindu, na sasa za utepe wa rangi unaozungushwa mkononi mwa mtoto kupima utapiamlo. Kila enzi ilikuja na kipimo chake na ikaona kile ilichokuja kukitafuta. Siilaumu, ndivyo tiba inavyofanya kazi. Lakini mtoto anayechagua chakula hakuwa na kipimo katika enzi yoyote kati ya hizo.

Alionekana kidogo mahali pengine, si mbali sana. Miaka ya 1950 eneo letu lilikuwa kitovu cha dunia cha utafiti wa unyafuzi, ule utapiamlo wa kuvimba miguu na nywele kugeuka rangi. Kule Kivu, kituo cha Lwiro karibu na Bukavu kilikuwa na hospitali ambako Wabelgiji, akiwemo Henri Vis, waliwatibu na kuwachunguza watoto wa ugonjwa ambao wenyeji waliuita bwaki. Kampala, katika hospitali ya Mulago, Hugh Trowell na wenzake Davies na Dean walichapisha mwaka 1954 kitabu kizima juu yake. Maelezo ya madaktari hao kuhusu mtoto wa unyafuzi yanashtua ukiyasoma leo. Amenuna, hatabasamu, hataki kuguswa, hana hamu na watu wala vitu, na hata maziwa yakiletwa anageuza kichwa. Kukataa chakula kulikuwa miongoni mwa dalili kuu za ugonjwa, na tabasamu la kwanza lilichukuliwa kuwa dalili kwamba mtoto atapona.

Mwaka 1955 Marcelle Geber, mwanasaikolojia kutoka Ufaransa, alishirikiana na Rex Dean wa Mulago kuandika makala katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Walijiuliza kwa nini mtoto mmoja apate unyafuzi na jirani yake anayekula vilevile asiupate. Jibu lao lilielekea kwenye moyo: mtoto aliyezoea mgongo wa mama anaachishwa ziwa ghafla kwa sababu mimba nyingine imeingia, pengine anapelekwa kwa bibi, naye anajifunga na kukataa kula. Ni makala ya watu waliomtazama mtoto kwa makini, naiheshimu. Hata hivyo ilitia doa ambalo halijafutika, kwani msomaji wa haraka aliondoka nayo akiamini kuwa mtoto hali kwa sababu ya alivyotendewa na mama.

Njia ya pili ilianzia Baltimore, Marekani. Mwaka 1943 Leo Kanner wa hospitali ya Johns Hopkins alichapisha habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, na makala hiyo ndiyo iliyoupa usonji nafasi yake katika tiba ya watoto. Watu wengi huikumbuka kwa upweke wa watoto wale na kwa namna walivyong'ang'ania mambo yabaki vilevile. Wachache hukumbuka sehemu ya chakula. Kati ya 11, Kanner alitaja 6 waliokuwa na taabu kubwa ya kula tangu uchanga. Mmoja alitapika sana mwaka wake wa kwanza. Msichana mmoja alilishwa kwa mrija hadi alipotimiza mwaka. Donald, mtoto wa kwanza katika orodha, ambaye baadaye alijulikana kwa jina lake kamili, Donald Triplett wa mji wa Forest, Mississippi, alikuwa na shida ya kula tangu mwanzo wa maisha yake. Kanner aliona kwamba chakula ndicho kitu cha kwanza kabisa kutoka nje kinachoingia kwa mtoto, na mtoto anayetaka dunia isimwingilie huanza kwa kukikataa. Ufafanuzi huo unaweza kujadiliwa, na mimi naona ulipuuza mno ulimi, pua na tumbo. Hata hivyo jambo lenyewe aliliandika.

Kwa hiyo katika muda wa miaka 12, Baltimore na Kampala ziliandika mtoto aliyejitenga na anayekataa kula. Upande mmoja ukamwita mwenye usonji na kusahau sahani yake. Upande mwingine ukaishika sahani na kuacha kujiuliza iwapo baadhi ya watoto walikuwa hivyo kabla njaa haijawagusa. Siamini kwamba watoto wa Mulago walikuwa na usonji. Walio wengi waliponywa na maziwa, wakacheka, wakarudi nyumbani. Nazungumzia wale wachache ambao maziwa yaliwaponya miguu lakini hayakuwabadilisha. Lazima walikuwepo, kwa kuwa usonji uko katika kila jamii iliyowahi kuchunguzwa vizuri. Hakuna aliyewafuatilia.

Kilichoziunganisha njia hizi mbili, kwa bahati mbaya, ni kumlaumu mama. Huku Afrika mama alishutumiwa kwa kuachisha ziwa vibaya. Kule Marekani Kanner mwenyewe, katika maandishi ya 1949, alielekeza kidole kwa wazazi wenye moyo baridi, na Bruno Bettelheim wa Chicago akaipeleka hoja hiyo mbali zaidi katika kitabu chake cha 1967. Aliyeipinga kwa nguvu ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, ambaye mwaka 1964 alionyesha kwamba chanzo kimo katika ubongo na maumbile. Mwaka 1969 Kanner alisimama mbele ya mkutano wa wazazi akawatangazia kwamba hawana hatia. Wamarekani walipata tamko hilo. Akina mama wa Maziwa Makuu hakuna aliyewatangazia.

Hata walipokuja watafiti wa usonji, walipita kando. Miaka ya 1970 Victor Lotter, aliyekuwa amefanya utafiti maarufu wa Middlesex nchini Uingereza, alizunguka miji tisa katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo. Aliwatazama watoto zaidi ya 1,300 wenye ulemavu wa akili katika vituo na shule zao, akapata 9 tu wenye usonji. Matokeo yake ya 1978 yalisomwa na baadhi ya watu kana kwamba usonji ni ugonjwa wa Wazungu. Lakini Lotter alitafuta ndani ya vituo, na mtoto wa mvuvi hakuwa kituoni. Alikuwa nyumbani, au kwa bibi yake mlimani, au alikuwa ameshakufa kabla ya kufikia umri wa kuhesabiwa. Mtoto asiyekula vizuri, katika nchi ya surua na malaria, haishi muda mrefu wa kutosha kuingia katika takwimu za usonji.

Mambo yalianza kubadilika polepole. Mwaka 2006 yalichapishwa maelezo ya watoto 20 nchini Tanzania, 14 kati yao wakitimiza vigezo vya utafiti vya usonji, na kwa watatu kati ya hao 14 hali ilianza walipopona malaria kali. Mwaka 2015 Joseph Gona na wenzake wa Kilifi waliwasikiliza wazazi na wataalamu wa pwani ya Kenya, wakakuta wakitaja majini, uchawi na laana pamoja na maambukizi na matatizo ya uzazi. Ukiyasoma maelezo ya wazazi wale unasikia kitu ambacho ungekisikia pia Rumonge: uchovu wa mama ambaye kila mgeni anayepita ana ushauri, na kila ushauri una lawama ndani yake.

Turudi kwenye sahani, maana hapa ndipo naona historia inapotudai. Mlo wa kawaida wa mwambao huu ni ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa kwa mawese, majani ya muhogo yaliyotwangwa au lengalenga, na ndagala siku zikipatikana. Watoto hukaa kuizunguka sahani moja wakala kwa mikono. Mtazame sasa mtoto ambaye hisi zake zinapokea kila kitu kwa nguvu mara nyingi kuliko wenzake. Mawese yana rangi inayoshika vidole na harufu inayobaki puani. Ndagala iliyokaushwa juu ya mchanga huchomwa na jua hadi ikawa na ukali wake, na kila samaki ana kichwa, ana macho, ana miba midogo inayokwaruza ulimi. Maharage ni ganda nje na unga ndani, mambo mawili tofauti katika tonge moja. Mikono mitano inaingia kwa pamoja na chakula hakibaki sura moja hata kwa dakika. Ugali peke yake ndio mweupe, laini na hauna harufu kali, na wa leo ni kama wa jana. Mtoto anauchagua kwa akili kabisa. Amepata kitu kisichomshtua.

Ubaya ni kwamba ugali wa muhogo una wanga na karibu hauna protini. Mawese mekundu ndiyo yanayompa mtoto wa hapa vitamini A ya macho na kinga, na ndagala inayoliwa nzima na mifupa yake ndiyo kalisi yake. Vile viwili vinavyomlinda zaidi ndivyo vyenye rangi na harufu kali kuliko vyote. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa 2013 na William Sharp na wenzake huko Marekani ulikuta watoto wenye usonji wana matatizo ya kula mara tano zaidi ya wenzao, na wanapata protini na kalisi kidogo, lakini uzito na kimo chao havikutofautiana sana na vya wengine. Kule mtoto hubagua mpaka akabaki na viazi vya kukaanga na biskuti, akanenepa, upungufu ukajificha ndani ya mwili mnene; madaktari wameripoti hata kiseyeye katika nchi tajiri. Huku akibaki na muhogo mtupu hana cha kumwongezea mwili, na upungufu wake utaonekana upesi. Ukishaonekana utaitwa njaa.

Na hapa mfumo wenyewe unafunga mlango mara mbili. Mtoto aliyekonda akifikishwa kituo cha afya hupimwa mkono, hupimwa uvimbe, kisha hufanyiwa jaribio la hamu ya kula. Mama ananawa mikono, anakaa naye pembeni, anafungua pakiti ya siagi ya karanga iliyotengenezwa kwa ajili ya utapiamlo mkali na kumpa kidogokidogo huku mhudumu akitazama. Akila kiasi kilichopangwa anarudi nyumbani na pakiti zake. Akikataa, inahesabiwa kwamba mwili una tatizo jingine, analazwa. Kanuni hiyo imeokoa watoto wengi kwa sababu unyafuzi na maambukizi kweli huua hamu ya kula. Lakini siagi ile ya karanga ni nzito, inanata kwenye kaakaa, ina utamu na mafuta kwa pamoja. Mtoto wa usonji ambaye hajawahi kuiona atageuza uso hata kama hana homa wala maambukizi, na hakuna mahali katika fomu pa kuandika sababu hiyo.

Mlango wa pili uko mbali zaidi. Mwaka 2013 mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili uliingiza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa kuepuka na kubagua chakula usiotokana na hofu ya unene, na katika toleo hilohilo hisi zilizo kali au hafifu kupita kiasi zikatambuliwa kuwa sehemu ya usonji. Zilikuwa hatua kubwa. Ila sharti mojawapo la ugonjwa huo mpya linasema usitajwe pale ambapo hali ya mtoto inaelezeka kwa ukosefu wa chakula. Sharti lina mantiki yake. Likiletwa Muhuta, ambako ukosefu wa chakula unaweza kutajwa juu ya karibu kila mtoto, linamfuta mtoto tunayemzungumzia. Ukibagua chakula London wewe ni mgonjwa. Ukibagua Magara wewe una njaa.

Kuna jambo jingine ambalo vijijini huonwa kuwa utundu: kula vitu visivyo chakula, kama udongo, makaa na nyuzi za mkeka. Utafiti wa Marekani wa 2021 uliikuta tabia hiyo kwa karibu mtoto mmoja kati ya wanne wenye usonji, dhidi ya watatu au wanne katika mia kwa watoto wengine. Kwetu udongo huliwa na wajawazito na hauzwi kwa siri, ndiyo maana mtoto anayeuramba ukuta wa nyumba hamshtui mtu. Lakini udongo wa ukingoni mwa ziwa, kando ya vyoo vilivyofurika, una minyoo, na minyoo humaliza damu kwa mtoto ambaye tayari hali maharage.

Nitaje kwa ufupi na wasichana wakubwa, kwa kuwa ndiko dunia ilikoanza kuyaunganisha mambo haya. Mwaka 1983 Christopher Gillberg wa Göteborg, Sweden, aliuliza hadharani iwapo usonji na anoreksia vina undugu, na tangu hapo kliniki za Ulaya zimekuta wasichana wengi waliokonda kwa kujinyima ambao usonji wao haukuwahi kutambuliwa utotoni. Hospitali ya Maudsley ya London ina utaratibu maalumu kwa ajili yao. Anoreksia ni adimu kwetu, au haihesabiwi. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha gharama ya kuchelewa: msichana anayefikishwa kliniki ana miaka 16 alikuwa mtoto wa miaka mitatu aliyekataa tonge, na mtu alimwona.

Burundi ina watu wa kumwona. Ina abaremeshakiyago, wahudumu wa afya wa kujitolea wanaoingia kila mlima. Ina akina mama taa, ambao huwakusanya wenzao na watoto waliopungua uzito, wakapika pamoja kwa siku kadhaa vyakula vinavyopatikana palepale. Sijui mahali pazuri zaidi pa kumtambua mtoto huyu kuliko mkeka ule, ambapo watoto kumi wanakula uji mmoja na wa kumi na moja ameugeuzia mgongo. Kinachohitajika ni maswali machache ya kumuuliza mama kwa adabu. Mtoto anakula vyakula vingapi kwa jumla? Anakikataa kwa ladha, au hata kabla hakijamgusa mdomo? Anaitika akiitwa? Anaonyesha kwa kidole anachokitaka? Anakula udongo? Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya wazazi wa watoto wenye uchelewaji wa makuzi, yaliyojaribiwa Ethiopia na Kenya, na yamekusudiwa kutolewa na watu wasio madaktari.

Na mama aambiwe mapema asimlazimishe. Kumshika mikono na kumsukumia tonge humfundisha kuogopa sahani, na anaweza kuanza kuukataa hata ule ugali. Kuna ushauri mmoja mzuri wa lishe unaohitaji uangalifu hapa: wa kusaga ndagala kavu kuwa unga na kuuchanganya kwenye chakula cha mtoto. Kwa watoto wengi unafaa sana. Kwa huyu, ukificha unga ndani ya ugali akaugundua, na kwa kawaida ataugundua kwa harufu tu, huenda akapoteza chakula pekee anachokiamini. Ni afadhali apewe kisahani chake, ugali wake uachwe mweupe, na ndagala moja iwekwe kando, mbali kidogo, kila siku saa ileile, bila kumwambia ale. Siku za kwanza ataisukuma. Baadaye ataiacha ikae. Akifika kuigusa kwa kidole na kukinusa, ameshapiga hatua ambayo mhudumu anapaswa kuiandika daftarini sawasawa na gramu za uzito, na inaweza kuchukua miezi kabla hajaitia mdomoni.